Yai la Biscuit, Yai la Simba

Jirani yangu hapa Columbus, Ohio, aliposafiri wiki mbili kwenda kumwona mjukuu wake, aliniachia vitu vitatu: funguo, mbwa mdogo mweupe aitwaye Biscuit, na karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji. Mstari wa kwanza wa karatasi ile ulinitoa macho: kila asubuhi, yai moja bichi, pamoja na ganda lake.

Nilisimama na yai mkononi kama mtu aliyetumwa kuiba. Mimi nimekulia Kibosho, Kilimanjaro, na kwetu kumpa mbwa yai bichi ni kumfundisha wizi. Mbwa wetu Simba alilala hatua chache kutoka bandani, na kuku wa kienyeji walitaga popote walipojisikia, hata chini ya migomba. Bibi alijua kwamba siku Simba atakapoonja ute, hakuna kiota kitakachosalimika. Yai lenye ufa halikutupwa, ila lilipitia jikoni kwanza. Bibi alilichemsha mpaka kiini kikawa kikavu, akalimenya, akalivunjavunja ndani ya ugali wa dona uliopikwa na dagaa, akakoroga kwa mwiko wa zamani ambao haukuruhusiwa kugusa sufuria nyingine. Kwa Simba, lile halikuwa yai tena. Lilikuwa mboga.

Basi asubuhi ile Biscuit hakupata yai. Nilimpigia daktari wake wa mifugo, ambaye namba yake ilikuwa chini kabisa ya karatasi, nikijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Alisema, "Lichemshe."

Sababu zake hazikuwa za bibi. Ute mbichi, alinieleza, una protini iitwayo avidini. Hiyo huing'ang'ania biotini, mojawapo ya vitamini za kundi B, na kuipitisha tumboni bila mwili kufaidika nayo. Mbwa akidokoa yai bichi mara moja hatadhurika, lakini kulishwa ute mbichi siku nenda siku rudi ni jambo jingine. Moto huivunja nguvu avidini, na ute uliopikwa humeng'enywa vizuri zaidi. Halafu kuna salmonela. Mbwa anaweza kuibeba bila kuonyesha dalili yoyote, akaitoa kwenye kinyesi, na walio hatarini zaidi wakawa watu anaoishi nao: mtoto anayetambaa sakafuni, mzee, au mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua.

Nikamuuliza, je, mayai ya dukani hapa si safi? Kweli yanang'aa. Marekani mayai ya viwandani huoshwa, na kuoshwa huko huondoa utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda. Ndiyo maana yakishaoshwa hayaachwi mezani; hukaa kwenye baridi isiyozidi nyuzi 7 za Selsiasi. Trei ya mayai kwenye duka la mtaani Moshi hukaa kwenye rafu bila friji, na utando wake bado upo, pengine na kinyesi kidogo juu yake. Ukiliosha yai la namna hiyo, lioshe unapokwenda kulipika, si unapokwenda kulihifadhi. Lakini liwe limeng'aa au lina tope, bakteria anaweza kuwa ndani tangu lilipokuwa kwa kuku. Sufuria ndiyo inayomaliza ubishi: dakika 10 hadi 12 za kuchemka, kiini kikauke, bila chumvi wala mafuta.

Nilipofungua friji ya jirani nikaelewa kwa nini alihangaika na ganda. Chakula cha Biscuit hupikwa nyumbani: kifua cha kuku kisicho na mfupa, wali, karoti. Kinanukia hata mtu akatamani, ila kalsiamu yake ni kidogo mno. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichambua mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani, wakakuta asilimia 95 yamepungukiwa angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Mapenzi peke yake hayajazi bakuli. Simba, bila mtu kumpigia hesabu, alikula dagaa wazima na miiba yao, na humo akapata sehemu ya kalsiamu yake.

Ganda la yai kubwa moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Lakini vipande vyenye ncha si vya kumrushia mbwa. Huchemshwa, hukaushwa, husagwa mpaka ukishika kati ya vidole unahisi unga, si mchanga. Na kipimo atoe daktari, hasa kwa mtoto wa mbwa wa jamii kubwa, kwa kuwa kalsiamu ikizidi nayo huharibu mifupa inayokua.

Nisije nikaonekana naisifu Kibosho tu. Nyumbani tulimrushia Simba mayai viza, yale ambayo kuku ameyatamia mpaka akayakimbia, tukisema tumbo la mbwa halichagui. Linachagua, na yai lililooza si chakula cha yeyote. Pia tulimpa makombo ya mayai ya kukaanga yenye vitunguu. Vitunguu maji, na vitunguu swaumu pia, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kuvipika hakuondoi sumu hiyo.

Likabaki swali la kiasi. Yai kubwa lina kalori kama 70. Biscuit ana kilo 5, na kwa siku anahitaji kalori kama 350. Ziada zote, yai likiwemo, zisizidi sehemu moja ya kumi. Daktari akapiga hesabu: nusu yai.

Jioni ile nilimpigia Mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona simu ya usiku?"

Nikamweleza habari yote, na kwamba jirani alitaka mbwa ale yai zima kila siku. Akanyamaza kidogo.

"Huyo mbwa analinda nini?"

"Halindi kitu, Mama. Analala kwenye kochi."

"Hata kubweka?"

"Akisikia kengele ya mlango anajificha."

Nikamsikia akiguna, akiupima ule mshahara na ile kazi.

"Basi mpe nusu," akasema. "Na ulichemshe."