Shangazi, treni zina majina ya milima yetu

Shangazi mpendwa,

Migomba ya hapo Kibingo inaendeleaje? Mimi mzima wa afya, ila lile shati jeupe ulilonipa lina doa la grisi mgongoni. Ngoja nikusimulie.

Asubuhi nilikunywa chai na chapati kibandani, karibu na stesheni ya zamani ya Nairobi. Huku chai inachemshwa na maziwa tangu mwanzo. Ukiomba ya rangi, wanakutazama kama mgonjwa.

Makumbusho ya Reli yako jirani tu. Nilikuta wapenzi wa treni wamejaa, kamera shingoni. Babu mmoja wa Kizungu alikuwa amelala kabisa chini ya injini, akihesabu magurudumu kwa sauti. Kijana mwingine alileta treni aliyoiunda kwa makopo ya mafuta ya kupikia, magurudumu yake vizibo vya soda. Wazee walimzunguka hadi wakazisahau injini za kweli!

Na hizo za kweli, Shangazi, ni balaa. Moja ina tani 252, na kibao chake kimeandikwa Mount Gelai. Si ndio mlima wetu wa Arusha huo? Nyingine ni Mount Shengena, wa kule Upare. Nyingine zina majina ya makabila: Nyaturu, Masai. Basi nikaanza kutafuta kabila letu, Mnyambo, panda huku, shuka kule (hapo ndipo grisi iliponipata). Hayupo! Mzee mmoja mstaafu wa reli akanicheka: "Reli haikufika kwenu, jina mngepewa la nini?" Nikamwambia sisi tuna Fuso za ndizi, na majina yake yanajaza bodi nzima.

Kuna pia behewa namba 12. Mwaka 1900, pale Kima, afisa wa polisi aitwaye Ryall alijificha humo amvizie simba mla watu. Usingizi ukampitia, simba akaingia akaondoka naye. Nilichungulia nikiwa nje, inatosha.

Mchana niliagiza matoke kwa shilingi 250 za huku. Nikaletewa vipande vitano. Vitano, Shangazi! Kwetu hicho ni cha kuonjea chumvi.

Kisha nikapanda treni ndogo hadi Syokimau, kuwahi ile ya saa tisa ya Mombasa. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500, kama elfu thelathini zetu. Kabla ya kuingia, mizigo inapangwa chini mstari mmoja, mbwa wanapita kunusa. Mbwa akafika kwenye begi langu, akakataa kuondoka. Askari akaniambia nifungue: senene wako, wale panzi wa kukaanga! Akauliza ni nini, akaonja mmoja, akaonja wa pili. Akasema kwao Kakamega wanakula kumbikumbi, lakini hawa wamewazidi. Mbwa hakupewa kitu, maskini.

Ndani ya treni abiria wote tuligeuka watoto. Tulipofika Tsavo mtu akipiga kelele "Ndovu!", behewa zima linahamia dirisha moja. Kweli ni wekundu, kwa vumbi la huko.

Sasa niko Mombasa, nakula viazi karai na ukwaju. Senene wamebaki nusu kopo, kwa hiyo usipowapata wengine mapema, nitarudi nimekonda.

Wasalimie wote.

Mwanao akupendaye