Kisanduku Kitupu Si Sifuri

Kila mwisho wa mazoezi ya kufundisha, wakufunzi huingia katika kazi ambayo wanachuo hawaioni. Alama za kila mwalimu mwanafunzi hukusanywa kutoka kwa wakaguzi waliomtembelea darasani, huingizwa katika jedwali moja, hutafutwa wastani wake, kisha kila mmoja huandikiwa barua yake ya matokeo. Mwaka tunaousimulia, wanachuo wetu walikuwa 186. Miaka iliyotangulia kazi hiyo ilitukesha wakufunzi watatu kwa muda wa siku tatu: mmoja akisoma alama kwa sauti, wa pili akiandika, wa tatu akihakiki. Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza walimu wanafunzi jinsi tulivyoikabidhi kazi hiyo kwa kompyuta, jinsi tulivyokosea, na somo la ualimu tulilolipata katika kosa hilo.

Yafaa kwanza tueleze vyombo tulivyotumia. Lahajedwali ni karatasi ya hesabu iliyomo ndani ya kompyuta, yenye safu mlalo na safu wima, na kila zinapokutana pana kisanduku cha kutilia neno au namba. Lahajedwali ya kwanza kuenea katika kompyuta ndogo ilikuwa VisiCalc, iliyotungwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kuuzwa tangu mwaka 1979. Tangu wakati huo watu wengi wamezoea kubonyeza vitufe wenyewe, kisanduku baada ya kisanduku. Lakini iko njia nyingine, nayo ni kuiandikia kompyuta maagizo ili ifanye kazi yote yenyewe.

Njia hiyo imerahisishwa na jambo moja. Tangu Microsoft Office ya mwaka 2007, faili la Excel na faili la Word huhifadhiwa kwa namna ambayo kanuni zake zimetangazwa wazi, na mwaka 2008 kanuni hizo zilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa. Faili lenye mkia wa .xlsx au .docx ni kifurushi kilichobanwa chenye mafaili madogo madogo ya maandishi ndani yake. Anayetaka kuhakikisha na atoe nakala ya faili, abadilishe mkia wake uwe .zip, kisha akifungue kifurushi hicho. Atayaona maneno yake mwenyewe yamezungukwa na alama za mpangilio. Kwa kuwa kanuni zinajulikana, watu wameandika maktaba za kuyasoma na kuyatunga mafaili hayo. Maktaba hapa si nyumba ya vitabu. Ni fungu la maagizo yaliyokwisha andikwa na kujaribiwa na wengine, nasi twayaazima. Sisi tulitumia lugha ya Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Guido van Rossum mwaka 1991, pamoja na maktaba mbili zisizolipiwa: openpyxl kwa lahajedwali, na python-docx kwa hati za Word.

Mpango wetu ulikuwa mfupi. Fungua jedwali la alama. Chukua safu mlalo moja, yaani mwanachuo mmoja. Jumlisha alama za ukaguzi wa kwanza na wa pili, gawanya kwa 2. Ikiwa wastani unafika 40, andika barua ya kufaulu. Usipofika, andika barua ya kurudia mazoezi. Hifadhi barua kwa jina la mwanachuo, kisha nenda safu inayofuata, hata zitakapokwisha zote.

Tuliijaribu programu yetu usiku, saa nne ikiwa imepita. Iliandika barua kadhaa, kisha ikasimama ghafla na kutoa ujumbe wa makosa. Katika Python, kisanduku kisicho na kitu husomwa na openpyxl kuwa None, maana yake hapana kitu. Na Python hukataa kujumlisha namba na kitu kisichokuwepo. Ujumbe ule ulikuwa ukisema kwa lugha yake kavu: "Hapa sijui nifanye nini." Nasi tulikuwa tumechoka, na barua zilitakiwa asubuhi. Hatukufungua jedwali kutazama ni kisanduku cha nani. Tuliongeza agizo moja fupi: ukikuta kisanduku kitupu, kihesabu kuwa 0. Programu ikaendelea bila manung'uniko. Kwa muda usiotimia dakika moja, barua 186 zilikuwa tayari, nasi tukaenda kulala tukiwa na furaha kubwa.

Siku ya pili yake, baada ya barua kugawiwa, mwanachuo mmoja alibisha hodi ofisini. Alikuwa ameshika barua yake imekunjwa mara nne.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu, keti."

Hakuketi. Alisema, "Mwalimu, siku ya ukaguzi wa pili nilikuwa wodini na malaria. Mkaguzi aliniambia atanikagua siku nyingine, ila hakurudi. Naomba kuuliza, kulazwa ni sawa na kushindwa?"

Tulifungua jedwali mbele yake. Ukaguzi wa kwanza alikuwa amepata 78. Kisanduku cha ukaguzi wa pili kilikuwa kitupu. Kompyuta ilikuwa imejumlisha 78 na 0, ikagawanya kwa 2, ikapata 39, ikamwandikia barua ya kurudia kwa upungufu wa alama moja. Tulimwomba radhi pale pale na kumwahidi kukaguliwa upya. Akatushukuru, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba usiku ule alikwisha mpigia baba yake simu asiuze mahindi kwa ajili ya ada ya muhula ujao, kwa sababu yeye hafai kuwa mwalimu.

Maneno hayo hatujayasahau. Hesabu ya kompyuta haikuwa na kosa hata moja; 78 na 0 ni 78, na nusu yake ni 39. Kosa lilikuwa letu, nalo halikuwa kosa la hesabu. Mashine ilifika mahali isipojua, ikasimama, ikauliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tuliokuwa tukiwafundisha wanachuo methali hiyo tulilijibu swali lile kwa uongo ili lisitusumbue. Tulifanya kama mwalimu anayeambiwa na mtoto "sijaelewa," naye akamjibu "kaa chini," kisha akaendelea na somo akidhani darasa zima limeelewa kwa kuwa limenyamaza.

Tuliwarudia wanachuo wote 186. Visanduku vitupu vilikuwa vinne. Viwili vilikuwa vya waliougua. Cha tatu kilikuwa cha mwanachuo aliyekaguliwa barabara na kupata 64, ila mkaguzi alichelewa kuleta karatasi. Cha nne kilikuwa cha mtu aliyekwisha acha chuo. Tazameni basi: utupu mmoja ulikuwa na maana tatu mbalimbali, na hapana hata moja iliyokuwa sifuri. Siku nyingine tulikuta kisanduku ambamo mtu alikuwa ameandika herufi O badala ya tarakimu 0, hata 70 ikawa neno wala si namba. Programu ilisimama hapo pia, na mara hii tulikwenda kutazama.

Hapo ndipo tulipoanza kuisoma kazi yetu upya, tukagundua mitego mingine ambayo anayetaka kutumia vyombo hivi hana budi kuijua. Katika Excel yenyewe, kanuni ya AVERAGE hukiruka kisanduku kitupu, lakini ukijumlisha visanduku viwili kwa alama ya +, kitupu huhesabiwa kuwa 0; kwa hiyo njia mbili zinazofanana machoni huleta majibu mawili. Pili, openpyxl haikokotoi kanuni zilizomo katika jedwali. Husoma kanuni ilivyoandikwa, au ukiiagiza, husoma jibu lililohifadhiwa mara ya mwisho jedwali lilipofunguliwa na kukokotolewa. Ikiwa hapana jibu lililohifadhiwa, utapata tena ule utupu. Tatu, katika hati ya Word, aya moja hugawanyika ndani kwa ndani katika vipande, na neno uliloliandika kwa mkupuo mmoja laweza kuwa limekatwa katika vipande viwili. Tuliwahi kuweka alama ya JINALAKE katika barua ya mfano ili programu iibadilishe. Ikatafuta kipande kwa kipande, isiione, na barua zikatoka bila jina la mtu. Tiba yake ni kuifuta alama hiyo na kuiandika upya bila kusita wala kubadili mwandiko katikati, au kuitunga aya nzima kwa maagizo.

Programu yetu ya sasa ni ndefu zaidi, na ina adabu zaidi. Kwanza, hupitia jedwali lote kabla ya kuandika barua yo yote. Pili, kila kisanduku kitupu, au chenye neno mahali pa namba, au chenye alama iliyozidi 100, huandikwa katika orodha ya mashaka pamoja na jina la mwenyewe. Tatu, mwanachuo aliyemo katika orodha hiyo haandikiwi barua mpaka mkufunzi amwulize mkaguzi wake. Nne, barua zikiwa tayari, twachagua tano bila kuangalia na kuzikokotoa kwa kalamu. Tano, barua yo yote ya kurudia husomwa na mtu kabla ya kutolewa. Kazi iliyokuwa ya siku tatu sasa ni ya asubuhi moja, na sehemu kubwa ya asubuhi hiyo hutumika kuuliza.

Huenda mwalimu mwanafunzi akasema kwamba shule atakayopangiwa haitakuwa na kompyuta. Na iwe hivyo. Somo hili lafundishika kwa chaki. Sisi hulifanya hivi. Twachora ubaoni jedwali la wanafunzi kumi na alama zao za majaribio mawili, na kisanduku kimoja twakiacha kitupu. Mwanachuo mmoja huwa mashine, naye hufanya lile tu aliloagizwa, bila kukisia. Wenzake humwagiza hatua kwa hatua. Afikapo penye utupu husimama na kusema, "Sijui." Aghalabu darasa humpigia kelele: "Weka sifuri, twende!" Hapo mkufunzi huuliza swali moja tu: "Mtoto huyu alikuwa wapi siku ile?" Darasa hunyamaza. Mmoja husema alikuwa mgonjwa, mwingine husema alitumwa sokoni, mwingine husema pengine alikuwapo na karatasi yake ikapotea. Katika mjadala huo wanachuo hujifunza kutoa maagizo kwa utaratibu, na hujifunza pia kwamba daftari la mahudhurio ni habari za watu.

Yule mwanachuo alikaguliwa upya majuma mawili baadaye, katika somo la sehemu, darasa la nne. Alipata 71. Barua yake ya pili hatukuiachia programu. Tuliiandika kwa mkono wetu, tukampa mkononi, naye akaomba ruhusa atoke nje kumpigia baba yake simu.