Achague Moja?

Kijana wetu mmoja anauza ploti, anatafutia watu nyumba za kupanga, na wikendi anasimamia vyumba vya wageni. Ameniuliza, "Pasta, nichague moja ama niendelee na zote?" Ana mke na mtoto mchanga, kwa hivyo si swali la mzaha.

Nimemwambia achague ardhi, tena ya eneo moja. Shamba si fleti. Ardhi ya kilimo kwa kawaida huhitaji idhini ya bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini, mkataba ni bure. Ushuru wa stempu nao ni asilimia 2 mashambani, 4 mjini. Dalali anayejua haya nusunusu ndiye humpotezea mama wa watu pesa za ng'ombe aliyeuza.

Najua mtaniletea Bezaleli wa Kutoka 31. Dhahabu, fedha, shaba, mawe, mbao, zote aliziweza! Kweli, lakini zote zilijenga hema moja. Kijana naye ajifunze upimaji, mikopo na kodi, mradi vyote vitumikie ardhi ile.

Hatari ipo, sifichi. Soko la eneo moja likilala, naye atalala njaa. Ndiyo maana vyumba vya wageni asiviache mwaka huu, mtoto bado ananyonya.

Nyinyi mlio kwa kazi hii, mlianzia wapi? Mwandikieni hapa chini, anasoma.