Binti Aliyekwenda Kujifunza Manukato



Siku ya Jumatatu ya Juma Kuu, Mama Kanisa hutusomea habari ya karamu ya Bethania katika Injili ya Yohane, sura ya 12. Mariamu anaipaka miguu ya Bwana kwa nardo safi, nyumba nzima inajaa harufu, na Yuda anapiga hesabu: dinari 300, yaani ujira wa kibarua kwa karibu mwaka mzima. Juu ya Mariamu tumehubiriwa sana, na juu ya Yuda zaidi. Lakini yuko mtu mwingine ambaye Injili haimtaji, naye ni fundi aliyeyatengeneza manukato yale. Nardo ni mzizi wa mmea wa milima ya Himalaya. Kuna aliyeuchimba, kuna aliyeusafirisha, na kuna aliyeketi mbele ya chungu akijua ni wakati gani mafuta yaondolewe motoni. Juma hili naomba niseme habari za mtu wa namna hiyo, kwa kuwa parokia yetu inaye mmoja, naye ameniruhusu niandike mradi nisimtaje jina.

Mwaka 2022, baada ya Misa ya asubuhi, wazazi wake walinifuata ofisini. Binti yao, aliyehitimu ualimu na kukaa nyumbani miaka miwili bila ajira, alikuwa ametangaza kwamba anakwenda Unguja kujifunza kupika udi na kutengeneza manukato. Mwalimu wake angekuwa bibi mmoja wa Mji Mkongwe, nyanya ya rafiki yake wa chuoni. Baba alisema kwa kifupi, kama walivyo wazee wetu wa Kichagga jambo linapowauma: “Baba Paroko, mkanye.” Aliogopa kwamba mtoto atabadili dini. Mama alikuwa na hofu ya namna nyingine, naye aliisema kwa sauti ya chini, akitazama mlango. Alisema kwamba udi ni kitu cha waganga, na kwamba unapochomwa huita majini.

Sikumkanya. Nilifungua Biblia mbele yao, Yohane 19:39, mahali ambapo Nikodemo anakuja akiwa amebeba mchanganyiko wa manemane na udi, uzito wake unakaribia kilo thelathini na kitu kwa vipimo vya leo, ili kuuzika mwili wa Bwana. Mama aliisoma aya ile mara mbili. Kila Ijumaa Kuu alikuwa ameisikia ikisomwa, ila sikio lilikuwa limeipita. Udi ambao wengi wetu huku bara tunauhusisha na kilinge, ndio uliolala na Yesu kaburini.

Kwa baba nilitumia historia, maana yeye huiheshimu. Nilimkumbusha kwamba imani yetu haikuangukia Kilema kutoka mawinguni. Mapadre wa kwanza walifika Unguja mwaka 1860 wakitokea kisiwa cha Réunion, wakiongozwa na Padre Armand Fava. Mwaka 1863 Wamisionari wa Roho Mtakatifu wakaipokea kazi hiyo, mwaka 1868 wakavuka na kuanzisha misioni ya Bagamoyo, na ilipofika mwaka 1890 ndipo Askofu de Courmont na Padre Le Roy walipopanda mlima wetu hadi Kilema. Kwa hiyo Injili iliishi miaka thelathini pwani, jirani na misikiti na mashamba ya mikarafuu, kabla babu zetu hawajaisikia. Ikiwa Injili yenyewe haikupotea Unguja, kwa nini tuwe na hakika kwamba binti atapotea? Mzee hakujibu. Alinishukuru, akachukua kofia yake, na binti alipoondoka hakumsindikiza hadi kituo cha mabasi.

Barua ya kwanza niliipata baada ya mwezi mmoja. Aliandika kwamba anajiona kama amehamia sayari nyingine, na kwamba hata pua yake ilikuwa haijui kusoma. Neno hilo la pua isiyojua kusoma nimelifikiria sana. Sisi tuliokulia vihambani tuna harufu zetu: moshi wa jikoni, samadi ya ng'ombe wa zizini, mbege inapochemka, na ua la mbuni linapochanua baada ya mvua, ambalo kwa maoni yangu halishindwi na asumini yoyote. Lakini hatuzipi majina. Kwetu kitu hunukia au hunuka, basi. Kule aliwakuta watu wanaoitofautisha harufu kama mwanakwaya anavyotofautisha sauti ya tatu na ya nne.

Kwa miezi miwili hakuruhusiwa kuugusa moto. Kazi yake ilikuwa kuchambua, kutenga karafuu na makonyo, kuokota maua ya langilangi, kuchuma vikonyo vya asumini alasiri kabla havijafunguka, na kuvitunga pamoja na mrehani kuwa vikuba, ili vifunguke usiku kwenye nywele za aliyevivaa. Sabuni yenye manukato alikatazwa. Kila asubuhi Bibi alimfumba macho kwa mtandio na kumpitishia vijiti puani, akimtaka aseme kipi ni msandali wa India, kipi ni udi wa bei nafuu uliopakwa mafuta, kipi ni udi wenyewe. Alipokosea hakukemewa. Aliambiwa tu arudi kwenye karafuu.

Hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo mimi, pamoja na miaka yangu yote ya seminari, sikuwahi kufundishwa. Mti wa udi, unaoota Assam na nchi za kusini-mashariki mwa Asia, ukiwa mzima hauna harufu ya maana. Ni mti mweupe, mwepesi, usio na thamani kubwa. Ukijeruhiwa na ukungu ukaingia katika jeraha, mti hujitetea kwa kutoa utomvu mzito mweusi unaoloweka kuni zake, na utomvu huo ndio udi. Wanaoupasua mti huo hutafuta jeraha. (Watakaohubiri Ijumaa Kuu mwaka huu wanaweza kuuchukua mfano huu bila kuniomba ruhusa.)

Baadaye alifundishwa kupika. Sukari huchemshwa pamoja na marashi mpaka iwe shira nzito. Ndipo hutiwa udi uliosagwa, unga wa msandali, miski na zafarani kwa kipimo cha nyumba ile, kisha hutandazwa kwenye sinia, hupoa na kuvunjwa vipande. Shira ikizidi moto kidogo, sukari huungua na kazi ya siku tatu hutupwa. Huwezi kuipima kwa saa, alisema, hupimwa kwa harufu ya mvuke.

Mwezi wa Ramadhani ulipofika alianza kula kwa kujificha uani. Bibi alimkuta, akamwekea chakula mezani na kukifunika kwa kawa, akamwambia: “Usijifiche, mwanangu. Mimi nimefunga, wewe hukufunga.” Na Jumapili, alipochelewa kuamka, ni yeye aliyemgongea mlango ili awahi Misa ya Minara Miwili. Niliusoma ujumbe huo kwa sauti mbele ya baba yake. Aliomba niusome tena.

Kuna kisa kimoja kinachotuhusu sisi. Alikuja likizo ya Noeli, akasali hapa, na aliporudi Unguja Bibi aliinusa kanga aliyoivaa kwenye Misa akasema: “Huko kwenu ubani mnauunguza. Makaa yenu makali mno.” Tangu hapo watumishi wa altare wamefundishwa kusubiri mpaka makaa yafunikwe na jivu jeupe, ndipo watie ubani. Waamini walioacha kukohoa wakati wa kufukiza wajue wamshukuru nani.

Mimi pia nilipeleka swali langu. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 30, Mungu anampa Musa kipimo cha mafuta matakatifu ya kupaka: manemane shekeli 500, mdalasini 250, miwa yenye harufu 250, kida 500, na mafuta ya zeituni hini moja, yakichanganywa kwa ufundi wa mtengeneza manukato. Nimepiga hesabu mara nyingi. Viungo peke yake vinafika kilo 17 hivi, na mafuta ni kama lita nne. Hayo si mafuta, ni matope. Walimu wa Kiyahudi wa zamani walijadiliana juu ya tatizo hilihili, wengine wakisema mizizi ilichemshwa ndani ya mafuta, wengine wakisema ililowekwa majini kwanza. Binti alimsomea Bibi vipimo vile. Bibi aliuliza kwanza ni nani aliyeagizwa kazi kubwa hivyo, kisha akasema viungo huwa haviachwi ndani: loweka, acha mafuta yanywe harufu, chuja, tupa kuni. Alisema mara moja jambo ambalo mimi nililihangaikia kwenye vitabu. Siku hizi nikisoma Yoshua bin Sira 49:1, ambapo kumbukumbu ya mfalme Yosia inafananishwa na ubani uliochanganywa na fundi, namwona yule fundi akiwa na mtandio kichwani.

Maandiko yana upande mwingine pia, na ingekuwa si haki kuunyamazia. Katika 1 Samweli 8:13, nabii anawaonya watu kwamba mfalme wanayemtaka atawatwaa binti zao wawe watengeneza manukato, wapishi na waokaji. Ufundi uleule, ila kwa kutwaliwa. Nafikiri juu ya mabinti wetu wanaosafirishwa kwenda Ghuba kwa mikataba wasiyoisoma, hati zao za kusafiria zikishikwa na wengine. Hofu ya baba yule haikuwa ya kijinga. Kosa lake, kwa maoni yangu, lilikuwa kuogopa dini ya Bibi kuliko kuuliza masharti ya kazi. Mimi niliyauliza: atalala wapi, nauli ya kurudi iko mikononi mwa nani, na akitaka kuondoka nani atamzuia.

Alirudi Januari, baada ya miaka miwili na miezi kadhaa, akakodi chumba kimoja mjini Moshi. Hajabadili dini, na Ekaristi anapokea kama zamani. Mtihani wake wa kwanza haukuhusu dini hata kidogo. Alikuja mtu na gunia la mizizi ya msandali kutoka tambarare, bei ya kutupa, bila kibali. Msandali wetu hung'olewa na mizizi yake kwa sababu mafuta mengi yamo humo, na mti hauoti tena. Ndiyo maana tangu mwaka 2013 biashara ya kimataifa ya msandali wa Afrika Mashariki imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa viumbe walio hatarini. Alikataa gunia lile siku ambayo hakuwa na kodi ya mwezi unaofuata. Sasa anajaribu maua ya mibuni ya kihamba cha nyumbani, na matokeo, nasema kwa upendo, bado yananukia zaidi mafuta kuliko ua.

Ameniuliza swali lililonifanya nifungue vitabu. Utaratibu wa kubariki mafuta uliotolewa Roma mwaka 1970 unaruhusu mafuta ya mimea mingine pale zeituni zisipopatikana kwa urahisi, na kuhusu Krisma unasema ichanganywe na manukato au kitu kingine chenye harufu nzuri, bila kutaja nchi kitokako. Je, itawezekana siku moja watoto wa mlima huu wapakwe Krisma yenye harufu ya mlima huu? Kuiweka wakfu Krisma ni kazi ya Askofu, si ya paroko wala ya fundi. Nimeandika barua kwa wanaohusika na liturujia jimboni, na jibu halijafika.

Baba yake alinisimamisha Jumapili iliyopita nje ya kanisa. Aliniuliza kopo moja la udi linauzwa shilingi ngapi. Nikamwambia sijui, duka liko dakika kumi na tano kwa miguu, na mwenye duka yupo hadi saa kumi na mbili jioni.

Wanaokwenda Kanisa Kuu la Kristo Mfalme kwa Misa ya Krisma wajiandikishe kwa katekista kabla ya Jumapili ya Matawi. Nafasi za gari ni chache. Nawatakia Juma Kuu lenye baraka.

Paroko wenu