Neno shoga, harusi ya Mombasa, na picha tuliyoisambaza

Mashoga zetu.

Ndiyo, tumeandika mashoga, na hatulifuti. Sisi tuliozaliwa Unguja tumekua na neno hili. Shoga ni yule anayekusuka nywele, anayekuazima kanga ya kutokea, anayejua unapoficha ufunguo wa kabati. Siku ya hina biharusi anazungukwa na mashoga zake. Lakini siku hizi ukilitamka mbele za watu wanashtuka, kwa sababu redioni na kwenye simu limebakia na maana moja tu. Sisi tuliiona maana hiyo ikiingia ndani ya nyumba ya harusi Shaaban ya mwaka 2023, na ilikuwa karibu ivunje nikaha. Tumekaa nalo jambo hili muda mrefu. Tunalisimulia leo kwa sababu na sisi tuna sehemu yetu katika makosa.

Tulikwenda Mombasa kumwoza mdogo wetu, mtoto wa mama mdogo. Tulipanda boti ya asubuhi hadi Dar, basi hadi Tanga, tukavuka mpaka Horohoro, na usiku tukawa kwenye kivuko cha Likoni na mifuko yetu ya vileja na udi. Nikaha ilipangwa Ijumaa, tarehe 3 Machi. Ramadhani ilikuwa wiki tatu mbele, na mnajua Shaaban ilivyo, kila mtaa una turubai.

Ijumaa ya tarehe 24 Februari, biharusi wetu ndio kwanza ameanza kusuguliwa singo, habari ikatoka Nairobi. Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ilisema kwamba serikali haikuwa na haki ya kukataa kusajili shirika linalotetea mashoga na wasagaji. Jioni ile wanaume waliporudi msikitini hawakuzungumza habari za biriani wala mahari. Ukumbi mzima ulikuwa mahakama.

Ami yetu alikuwa mkali. Alisema nchi imeuzwa, na kwamba masheikh wakinyamaza leo, kesho wataulizwa na Mola wao. Kijana mmoja wa ukoo wetu anayesoma sheria akamwambia, "Ami, kwa heshima zote, hebu soma hukumu yenyewe." Akatueleza kwamba majaji Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Njoki Ndung'u waliegemea Ibara ya 36 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kujumuika na wenzake. Hawakuhalalisha ndoa, kwani Katiba hiyohiyo inataja ndoa ya watu wa jinsia tofauti. Hawakufuta pia kifungu cha 162 cha sheria ya jinai, chenye adhabu ya hadi miaka 14, ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa mwaka 2019. Ami akamjibu, "Jaji Mohammed Ibrahim na Jaji William Ouko nao walisoma Katiba hiyohiyo, wakakataa. Mlango ukishafunguliwa nusu, mwanangu, nani atazuia upepo?"

Hatukuwahi kuona watu wa dini wa Kenya wakiwa pamoja kiasi kile. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alipinga, maaskofu wa Kikatoliki wakapinga, na maimamu wetu wa pwani wakapinga. Upande wa pili, mawakili na watu wa haki za binadamu wakawajibu kwamba mahakama haihukumu kwa msahafu wala kwa Biblia, na kwamba haki ya kusajili chama haiwezi kutegemea kama jirani anakupenda. Kila mtu alikuwa na la kusema, na kila mtu alilisema kwa sauti.

Jikoni nako hatukuwa kimya. Mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele alisema masheikh wamefanya vizuri, kwani yeye ana watoto wa kiume watatu na anataka wasikie kutoka mimbarini, si kutoka kwenye simu. Mwingine akauliza mbona sauti hiyo haikusikika juu ya bei ya unga. Akasema wanasiasa wanalipenda jambo hili kwa sababu haliwagharimu hata shilingi. Ukisimama kulilaani unapigiwa makofi na hakuna anayekuuliza barabara iko wapi.

Na sisi wawili, ndugu wa tumbo moja, hatukukubaliana. Mkubwa wetu aliona kwamba kiongozi wa dini ana wajibu wa kuiambia serikali lililo haki, na kwamba ukimya wake ni khiyana. Mdogo aliona kwamba sheikh akishapanda jukwaa moja na mwanasiasa, ni mwanasiasa anayeshuka na faida. Juu ya hukumu ya dini yetu katika tendo lenyewe hatukuwa na mzozo. Tuliisoma chuoni tukiwa watoto na tunaiamini. Mzozo wetu ulikuwa ni nani aseme, wapi, na aseme kwa ajili ya nani. Hata leo tunapoandika haya, tumeacha kujaribu kulimaliza.

Sasa tusimulie lililotuumiza.

Jumanne, siku tatu kabla ya nikaha, picha iliingia katika kundi la familia kwenye WhatsApp. Bwana harusi wetu amekaa ufukweni na rafiki yake, bega kwa bega, wanacheka. Chini yake mtu aliandika: "Huyu ndiye mnayemwozesha? Miaka 34 hajaoa, na Dubai walikuwa wakilala chumba kimoja." Wiki moja nyuma picha ile isingemshughulisha mtu. Lakini wiki ile kila mtu alikuwa ameshiba hotuba, macho yalikuwa yakitafuta, na picha ikaja kwa macho yaliyokwisha kuandaliwa.

Tuseme ukweli. Mmoja wetu aliipeleka picha ile kwa watu watatu huko Unguja. Hakuandika neno, aliweka alama ya kuuliza tu. Alijiambia hajasingizia mtu, ameuliza. Kabla ya isha ilikuwa imeturudia kutoka kwa mtu wa nne tusiyemjua, sasa ikiwa na maneno mengine mabaya zaidi, na jina kamili la kijana na la mtaa wake.

Mama mdogo alilia hadi sauti ikakauka. Mashangazi wakataka harusi isimamishwe. Biharusi alikuwa chumbani amepakwa singo mwili mzima, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia. Alijua hata hivyo. Simu yake ilikuwa chini ya mto.

Bibi ndiye aliyetuita. Bibi yetu hana simu na macho yake hayaoni vizuri. Alituweka wanawake wote chumbani kwake, akaagiza asomewe kilichoandikwa. Akasikiliza. Kisha akauliza, "Nani ameona?"

Tukanyamaza.

"Nimeuliza, nani ameona kwa macho yake? Nileteeni mashahidi wanne. Siwataki wa kusikia."

Hakuna aliyejibu. Bibi akatukumbusha Sura ya An-Nur, aya ya 4, kwamba anayemtuhumu mtu aliyejihifadhi kisha asilete mashahidi wanne, adhabu yake ni viboko 80 na ushahidi wake haukubaliwi tena. Aya inataja wanawake, lakini wanazuoni wetu wameielewa kuwa inamlinda mwanamume pia. Akatukumbusha Al-Hujurat, tulikokatazwa dhana, upelelezi na kusengenyana. Akatukumbusha Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyebaki nyuma ya msafara kwa ajili ya mkufu, na Madina ikamsema karibu mwezi mzima, mpaka Allah mwenyewe akamtakasa. "Na waliomsema walikuwa waislamu," Bibi akasema, "waliokuwa wakiswali naye msikiti mmoja. Nyinyi mmejiona nani?"

Shangazi mmoja akasema, "Lakini mama, masheikh wenyewe wanasema tuwe macho na jambo hili."

Bibi akamjibu taratibu. Akasema sheikh anakataza tendo, na ni haki yake. Hakuna sheikh aliyekutuma umtafute mtoto wa mwenzio. Akasema zamani katika ngoma na harusi za pwani walikuwepo watu waliojulikana kwa mambo hayo, na wao hawakuwahi kuliita jambo hilo halali. Waliwanasihi waliowahusu, wakawaombea, na wengine waliwaogopa. "Lakini hatukumpa mtu jina hilo kwa sababu amechelewa kuoa."

Tulipotoka chumbani mle, aliyesambaza picha alikwenda chooni akalia.

Biharusi ndiye aliyeamua. Alimwita kaka yake, ambaye ni walii wake kwa vile baba yao ameshatangulia mbele ya haki, akamwambia, "Kamuulize mwenyewe, kwa adabu, na nitakubali jibu lake." Kaka alirudi baada ya isha. Picha kamili ilikuwa na watu sita, siku ya Idi, na mtu alikuwa amewakata wanne. Chumba cha Dubai walikaa wanaume wanane vitanda vya juu na chini, kama wanavyokaa vijana wengi wa pwani wanaokwenda kutafuta riziki kule. Hakuoa mapema kwa sababu alikuwa akisomesha wadogo zake. Kijana hakutaka hata kuapa. Alisema, "Nikiapa leo, kesho nitaapishwa tena na mwingine. Mkiniamini nioze, msiponiamini niambieni nirudishe turubai."

Alhamisi, siku ya hina, Rais William Ruto naye alisema kwamba anaiheshimu mahakama lakini mila na dini za Kenya haziruhusu ndoa za jinsia moja. Wanaume walipiga makofi mbele ya televisheni. Sisi chumbani tulikuwa tukiisubiri hina ikauke, na hakuna aliyeomba sauti iongezwe.

Ijumaa nikaha ilifungwa, alhamdulillah. Asumini zilikuwa nyingi, na biharusi alikuwa mzuri hadi mama mdogo akasahau kulia. Leo wana mtoto wa kike.

Lakini yule rafiki wa kwenye picha, aliyetakiwa kumsindikiza bwana harusi, hakuja. Vijana wa barazani walimzonga Jumatano usiku, wakamchania shati na kumwita majina. Alipanda ndege kurudi kazini bila ya kula wali wa harusi. Mama yake alikaa mlangoni mwake siku ile na hakuinuka kuja kupiga vigelegele. Tulimpelekea sinia la biriani. Alilipokea, akatushukuru, akafunga mlango. Tulirudi tena mwaka uliofuata kumwomba radhi kwa ajili ya ile alama ya kuuliza. Alisema ametusamehe. Hakutukaribisha ndani.

Mjadala wenyewe haukuishia pale. Mbunge George Peter Kaluma aliomba hukumu ipitiwe upya, na Septemba mahakama ikamkatalia. Uganda ilipitisha sheria yake kali mwaka uleule. Na sisi Tanzania tunakumbuka mwaka 2018, pale mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipowataka wananchi wapeleke majina kwa simu, na serikali ikasema yale ni maoni yake binafsi. Tunajiuliza, majina yale yaliyopelekwa, mangapi yalikuwa na mashahidi wanne?

Bibi harusi unayesoma haya, utamsikia sheikh wako, na utawasikia wanasiasa. Wafuate au ubishane nao kwa adabu, hiyo ni akili yako na dini yako. Mkubwa wetu bado anawaunga mkono waliosema, na mdogo bado ana mashaka na majukwaa. Ila tumekubaliana juu ya jambo moja, ambalo hatukuhitaji mahakama kutufundisha: habari ya mtu ikikufikia mkononi, isimame hapo. Usiipeleke mbele, hata kwa alama ya kuuliza. Ukiwa na shaka na mchumba wako, mtume walii wako amuulize uso kwa uso, kama alivyofanya mdogo wetu. Picha iliyokatwa haina ushahidi wowote ndani yake.

Na ikiwa ulishaipeleka, kama sisi, anza na istighfari, kisha uende mlangoni kwa mwenyewe. Hata kama hatakukaribisha ndani.

Allah atusitiri, atuhifadhi ndimi na vidole vyetu, na azibariki nikaha zenu zote za msimu huu. Amin.

Wabillahi tawfiq.