Mkanda Uliokatika

Nyumbani kwetu Ilala kulikuwa na mkanda mmoja wa video uliotuharibu akili. Juu ya kasha lake palikuwa pameandikwa kwa kalamu: HARUSI. Harusi ya nani, hatukujua wala hatukujali, maana juu ya hiyo harusi mtu alikuwa amerekodi mpira wa kikapu. Chicago Bulls na Phoenix Suns, mechi ya sita ya fainali ya NBA, Juni 20, 1993. Uliletwa mtaani na baharia mmoja, ukazunguka nyumba kwa nyumba, ukafia kwetu.

Mimi nilizaliwa mwaka huohuo wa 1993. Kaka yangu ni wa 1984. Siku Michael Jordan anachukua ubingwa wake wa tatu, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Vya kwanza vilianza 1994. Kwa hiyo wakubwa zetu waliokuwa wakitamba na fulana za mitumba zenye namba 23 mgongoni walimpenda mtu waliyemsikia kuliko waliyemwona. Kaka aliwazidi wote kwa kitu kimoja tu. Alikuwa na mkanda.

Nilipoanza kuuangalia, mwaka 2000 au karibu na hapo, picha ilikuwa imechoka na sauti inapotea na kurudi. Watoto wa mtaa tulijipanga sakafuni, kaka kasimama kando ya deki kama mwalimu. Robo ya nne tuliijua kwa moyo. Bulls walikuwa wamepigwa na ganzi, kila pointi waliyopata anaifunga Jordan peke yake. Wako nyuma, 98 kwa 94, imebaki chini ya dakika moja. Jordan anaudaka mpira, anakwenda nao uwanja mzima, anafunga. 98 kwa 96. Sisi wote tumeshasimama.

Hapo hapo televisheni inakwaruza, mistari myeupe inapita, na bibi harusi anatokea kainamisha kichwa, analishwa keki.

"Halafu?" tulikuwa tukipiga kelele. "Halafu ikawaje?"

Na kaka, ndugu msomaji, alikuwa akitumalizia. Alichukua soksi zilizofungwa mpira, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akatangaza kwa sauti ya redioni: "Jordan anao! Wanamkaba wawili! Anaruka kutoka mbali... tatuuu! 99 kwa 98!" Soksi zinagonga ukuta, sisi tunarukiana, bibi harusi bado anatafuna keki yake. Nimeona fainali nyingi tangu siku hizo. Sijaona iliyonisisimua kama ile ya soksi.

Tulipokua, ubishi ukahamia kijiweni, kwenye kahawa na kashata jirani na goli letu la kikapu lisilo na wavu. Swali lilikuwa moja, nani mkubwa kuliko wote, na kila mtu alikuja na silaha yake. Kaka alikuwa na sita kwa sita: Jordan aliingia fainali mara sita, akashinda zote sita. Mshikaji mmoja tuliyemwita Mhasibu alimjibu kwamba kama ni kuhesabu vikombe, basi tumpe Bill Russell, aliyechukua 11 katika misimu 13. Mwingine akaruka: Russell alipoanza, ligi nzima ilikuwa na timu nane! Vipi Wilt Chamberlain, aliyefunga pointi 100 katika mechi moja, Machi 2, 1962? Nani aliiona? Uwanjani walikuwepo watu elfu nne na ushei, na hakuna picha ya televisheni hata moja. Hata mipira aliyoizuia Wilt hakuna ajuaye idadi yake, kwa kuwa ligi ilianza kuihesabu msimu wa 1973–74, na yeye alikuwa ameshaondoka.

Mimi nilikuwa mtu wa LeBron James. Sababu kubwa, nakiri leo, ni kwamba kaka alikuwa mtu wa Jordan. Mdogo hana mtaji mwingine zaidi ya kupinga. Kaka kazaliwa mwaka mmoja na LeBron, lakini alimkataa kama mtu anayemkataa mwenzake wa darasani aliyefaulu.

Kisha likanitokea jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Mwaka 2010, nina miaka 17, niliingia intaneti kafe na shilingi zangu za nusu saa, nikaitafuta ile mechi ya 1993. Nikaikuta. 98 kwa 96, Bulls wana mpira, na bibi harusi hakutokea. Nikaona mwisho kwa mara ya kwanza maishani. Jordan anampa Pippen. Pippen anampa Grant. Grant yuko karibu kabisa na goli, lakini anautoa nje kwa mtu mmoja mtulivu aliyesimama peke yake nyuma ya mstari. John Paxson. Pointi tatu, zimebaki sekunde 3.9. Jordan hakuutupa mpira ule.

Nilitoka mbio. Sikwenda nyumbani, nilikwenda kijiweni, nikasimama mbele ya watu wote waliokuwa wakimheshimu kaka yangu, nikasema: "Huyu ni muongo. Miaka yote hii ametudanganya. Aliyefunga ni Paxson!"

Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mhasibu alimpachika kaka jina la "Bibi Harusi" palepale. Kaka hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma baadaye. Alisema taratibu: "Mkanda ulikatika. Matokeo niliyasoma gazetini, 99 kwa 98, nani kafunga sikujua. Nyinyi mlikuwa watoto, mnalilia mwisho. Ningewapa keki?" Akanywa kahawa yake, akaondoka. Kwa miezi mingi hakuonekana tena pale.

Mimi nikabaki na ushindi wangu. Nilikuwa shahidi wa kweli, yeye wa uongo. Sikumwomba radhi. Nilidhani ukweli hauombewi radhi.

Kama wote tungebanwa hivyo, lakini, kijiwe kizima kingefungwa. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa na Memphis wa pili katika orodha nzima. Tulitembea kama vile tumechaguliwa sisi. Alipoondoka NBA mwaka 2014, kijiwe hichohicho kilimgeuzia kibao: wa tatu alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry, iweje yeye awe wa pili! Niliwahi kuuliza ni nani kati yetu aliyekaa akaangalia mechi moja ya Thabeet kutoka mwanzo hadi mwisho. Kimya. Nami nilikuwa katika kimya hicho.

Mara moja tu ubishi wetu na kaka ulipata mashahidi wa kweli. Mechi ya saba ya fainali ya 2016, Cleveland na Golden State, ilianza saa tisa usiku kwa saa zetu, na ilikuwa Ramadhani. Nyumba ilikuwa macho kwa daku. Mama alitenga uji na viazi mbele ya televisheni, nasi tulikula bila kuangalia tunachokula. Adhana ikaadhiniwa, kaka akasema anakwenda msikitini, asiende. Matokeo 89 kwa 89. LeBron alitoka nyuma kama mtu aliyeitwa, akaukanyagia mpira wa Iguodala ubaoni. Kisha Kyrie Irving akafunga tatu. 93 kwa 89. Kaka alikaa muda mrefu, halafu akasema: "Sawa. Huyu wako naye mtu." Akanyamaza, akaongeza: "Lakini kikapu kafunga Irving. Usije ukawadanganya watoto." Nikaelewa kwamba hakuwa amesahau.

Mama alifariki 2019. Kaka alikuwa ameshahamia Mwanza, anafanya zamu za usiku kwenye ghala. Hapo ndipo nilipoona ubishi ule ulikuwa umebeba nini. Tukipigiana simu, tukishamaliza hujambo na watoto hawajambo, tulikuwa hatuna pa kwenda. Ya mama hatukuyaweza. Basi mmoja anarusha: "Nimesikia LeBron kampita Kareem." Hiyo ilikuwa Februari 2023, zile pointi 38,387 zilizodumu miongo. Mwingine anajibu: "Kwa misimu 20, hata mimi ningempita." Na dakika arobaini zinakwisha, mama hatujamtaja, lakini kila mmoja kajua mwenzake yuko hai.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Juni 2025 nilimpigia nikamwambia Indiana Pacers wamewaendesha Oklahoma City mechi ya kwanza ya fainali. Vijana wa sasa ni moto, nikasema, huyo Haliburton angemkalisha yeyote wa enzi zenu.

"Uliiangalia?" kaka akauliza.

"Kaka, niliiangalia."

"Pacers waliongoza kuanzia lini?"

"Muda mwingi tu."

Alikaa kimya kidogo. Yeye aliiangalia yote ghalani, kwenye simu, tangu ilipoanza. "Pacers hawakuongoza hata mara moja, mdogo wangu, mpaka alipofunga yule kijana. Sekunde sifuri nukta tatu. Ndio uongozi wao wote. Umeangalia kipande."

Kweli. Nilikuwa nimeangalia kipande cha sekunde arobaini nikiwa kwenye daladala.

"Mimi nilizua dakika moja," kaka akasema, wala hakuwa na hasira. "Wewe umezua mechi nzima."

Wasomi wa mambo ya michezo wanabishana kwa nini watazamaji walipungua. Jordan alipofunga kikapu chake cha mwisho na Bulls, Juni 14, 1998, Wamarekani wapatao milioni 35.9 walikuwa mbele ya televisheni zao. Mechi ya saba ya fainali ya 2025 iliwapata milioni 16 na kidogo. Wapo wanaolaumu mitupo ya mbali: msimu wa 1997–98 timu ilijaribu pointi tatu chini ya mara 13 kwa mechi, na 2024–25 zaidi ya mara 37. Wapo wanaolaumu nyota kupumzishwa, na wapo wanaolaumu bei za kulipia matangazo. Mchezo wenyewe haufi njaa, maana mikataba ya matangazo iliyosainiwa 2024 ni ya miaka 11 na kama dola bilioni 76. Mimi nasema la kwangu tu, la mtu wa Ilala. Tumerudi kwenye mkanda uliokatika. Tofauti ni kwamba zamani mkanda ulipokatika tulijua umekatika, tulipiga kelele "Halafu?" Siku hizi kipande kikiisha tunakwenda kwenye kipande kingine, na usiku tunabishana kama mashahidi. Na katika vipande hivyo Paxson huonekana anafunga, lakini zile pasi tatu, ule uvumilivu wa Grant aliyekuwa karibu na goli akautoa mpira, nani anavikata hivyo?

Nilimwomba radhi siku hiyo, miaka kumi na tano baadaye. Akaniambia niache upuuzi, nitafute chaji, Jumapili usiku kuna mechi ya saba.

Saa tisa usiku kuamkia Juni 23, yeye Mwanza, mimi Dar, simu zimewekwa spika. Robo ya kwanza tu, Haliburton akaanguka, mguu umekatika mshipa, anaupiga uwanja kwa kiganja. Kipande hicho bila shaka umekiona. Mimi nilitaka kuzima, nikaona hadithi imeisha. Kaka akasema: "Kaa." Tukakaa. Pacers wasio na nyota wao wakaenda mapumziko wakiwa mbele kwa pointi moja, 48 kwa 47. Robo ya tatu Thunder wakaanza kukimbia, na kila walipokimbia kulikuwa na mtu mmoja mfupi, wa kutoka benchi, anayewavuta shati.

"Huyu nani?" kaka akauliza.

"McConnell."

"Ana vikombe vingapi?"

"Hana hata kimoja."

"Mwangalie," akasema. "Mwangalie vizuri."

Walifungwa, 103 kwa 91. Kumepambazuka, makonda wameanza kuita abiria barabarani, na kaka bado yuko hewani. Hatukumtaja Jordan wala LeBron. Halafu, bila kuulizwa, akasema: "Unakumbuka vile viazi vya mama, ile daku?"

Nikamwambia nakumbuka. Akaanza kusimulia, na safari hii sikumkatiza.