Chai ya Meru na Hukumu ya Mechi Mbili



Ndugu wasomaji, wiki mbili zilizopita hamkuiona safu hii kwa sababu mwandishi wake alikuwa safarini bara, katika miji ya Embu na Meru. Sikwenda kutembea. Dada yangu alinikabidhi barua ya kumpelekea kocha wa mpira wa kikapu katika shule ya bweni anayosoma mwanawe, kidato cha tatu. Ilikuwa barua fupi: kijana atolewe katika timu kabla ya Ramadhani kuingia. Nami, kusema kweli, niliiunga mkono hata kabla sijafunga mkoba.

Nilipanda treni ya Mombasa hadi Nairobi, kisha matatu iliyopitia Thika na Makutano. Baada ya Makutano yakaanza mashamba ya mpunga ya Mwea, maji yamesimama majarubani na yangeyange weupe wamejipanga kingoni. Embu nilifika adhuhuri. Baada ya sala niliingia katika mkahawa mdogo, na huko ndiko nilikoanza kuyasikia mabishano ambayo yangenifuata hadi mwisho wa safari.

Vijana watatu na mzee mmoja walikuwa wakizozana juu ya timu ya kikapu ya shule yao. Kwao niliuelewa mpango wa michezo hii. Mpira wa kikapu wa shule za sekondari huchezwa muhula wa kwanza. Timu huanzia kaunti ndogo, ikashinda huenda kaunti, kisha kanda, kisha taifa, na mabingwa huvuka hadi mashindano ya Afrika Mashariki. Embu na Meru zote zimo katika kanda ya Mashariki, kwa hiyo jirani ndiye mpinzani. Msimu ulikuwa haujafika popote. Zilizochezwa ni mechi za kujipima nguvu tu. Hata hivyo mmoja wao alikuwa amekwisha kuwapa Embu ubingwa wa kanda, na mwenziwe amekwisha kumfukuza kocha.

Kutoka Embu hadi Meru ni takriban kilomita 130, njia ikipinda ubavuni mwa Mlima Kenya. Tulipita Runyenjes, tukavuka mto Thuci, tukapanda hadi Chuka. Katika daraja la Nithi abiria wote walinyamaza. Hapo, Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia bondeni, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Niliwaombea waliofikwa, na nikawakumbuka wote waliokuwa wakiwangoja huku kwetu.

Hatukuwa wageni kabisa kwa watu wa nchi ile. Wazee wa Kimeru husimulia kuwa mababu zao walitoka Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji makubwa, na wako watafiti waliopahusisha na visiwa vya upande wa Lamu. Iwe ni hivyo au sivyo, aliyenikaribisha Meru alinipokea kwa maneno haya: "Karibu, Sheikh, umewafuata watu wenu."

Shule ilikuwa haijafungua lango kwa wageni, basi nikaketi katika kibanda cha chai kando ya barabara. Walikuwapo mwendesha bodaboda aliyewahi kusoma pale, mwalimu mstaafu, muuza vipuri, na mkulima wa majani chai. Kwa ukimya wangu walinidhania msafiri tu. Wakaendelea na yao.

Timu ilikuwa imecheza mara mbili. Mechi ya kwanza ilishinda kwa pointi 11, ya pili ikashindwa kwa pointi 6. Kwa mwalimu mstaafu, mechi ya kwanza ndiyo kweli: nyota njema huonekana asubuhi. Kwa kijana wa bodaboda, kweli ilikuwa katika mechi ya pili. "Yule mrefu wa Pwani," alisema, "robo ya nne miguu ilimwisha. Na bado hajaanza kufunga. Mwezi wao ukiingia, nani ataruka chini ya kikapu?" Muuza vipuri akaongeza kwamba afadhali atolewe mapema, timu izoee kucheza bila yeye.

Yule mrefu wa Pwani alikuwa mpwa wangu, na barua mfukoni mwangu ilikuwa inasema maneno yale yale.

Ndugu zangu, sikuyapenda niliyoyahisi. Hukumu niliyoiona ya busara nilipokuwa nyumbani, niliiona ya dhulma nilipoisikia katika kinywa cha mtu mwingine. Sisi tuliomzaa na wao wasiomjua tulikuwa tumekutana katika jambo moja: hakuna aliyemwuliza kijana.

Mkulima, aliyekuwa kimya muda wote, akaweka kikombe chini. "Mche wa majani chai," alisema, "ukiupanda leo, wangoja kama miaka mitatu ndipo uuchume vizuri. Na katika kungoja huko waukata kichwa makusudi, ili utandae. Apitaye barabarani huona umeharibiwa." Kijana wa bodaboda akamjibu kwamba mashindano hayangoji miaka mitatu, na hilo nalo lilikuwa kweli. Timu ikishindwa mapema, msimu wake umekwisha.

Hapo nikajitambulisha. Kibanda kilinyamaza, kisha kikacheka, na chai yangu ikalipwa na yule yule aliyetaka kijana atolewe. Akaniuliza kama natoka karibu na Kaya Tiwi, ile shule ya wasichana ya Kwale iliyopata kuwa bingwa wa taifa katika mchezo huu. Nikamwambia ni majirani. "Basi mwenye kosa ni sisi," alisema, "kumfundisha mtu wa Pwani kikapu."

Mpwa wangu alinijia na jezi mkononi. "Mjomba," alisema baada ya salamu, "kufunga nitafunga. Na kucheza nataka. Nikiona nashindwa, nitamwambia kocha mwenyewe. Mama asitangulie." Mpishi wa shule, alinieleza, huwawekea wanafunzi Waislamu chakula cha daku.

Kocha, ambaye si Mwislamu, alinisikiliza kwa adabu. Mechi ni robo nne za dakika kumi kumi, akasema, na katika mchezo huu, tofauti na kandanda, mchezaji hutoka na kurudi uwanjani mara nyingi kadiri kocha aonavyo. Atamchezesha vipande vifupi. Katika mazoezi ya jioni atamwacha arushe mipira kikapuni tu, bila mbio, kwa kuwa kule magharibi huingia karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini.

Nami nilimweleza kijana upande wangu: mchezo si udhuru wa kula mchana wa Ramadhani. Safari ndefu ina ruhusa yake na masharti yake, na kabla ya kuitumia aniulize. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, hivyo itaugusa muhula huu wa kwanza kwa muda. Si yeye peke yake atakayekutana na jambo hili, na wazazi wengine mnaosoma hapa huenda zamu yenu i karibu.

Barua nilirudi nayo. Dada yangu aliipokea, hakuichana. Aliiweka kabatini, akasema ataitazama tena Ramadhani ikifika kumi la kati. Ana haki hiyo, ni mama. Mimi nimemwomba jambo moja tu, kwamba kabla ya kuifungua ampigie mwanawe simu.

Mwenyezi Mungu atufikishe Ramadhani tukiwa na afya, na awahifadhi watoto wetu walio mbali. Wassalaam.